BATA BUKINI MDOGO AKISHINDWA KUSIMAMA



Mara hii tunataka kuongea juu ya ugonjwa unaomaliza vitoto vya bata kwetu Masisi, na vile vile kule chini Walikale. Wengi wetu tunafuga bata nyumbani, tena si kwa mchezo. Bata akiuzwa, minervali inalipwa, au daftari zinanunuliwa, au mama anapata kitambaa. Tangu vita ya 1993, iliyoanzia Ntoto katika Walikale na kupanda mpaka Masisi, ng'ombe wengi waliporwa na kuchinjwa, na jamaa nyingi zikabaki na wanyama wadogo tu: kuku, bata, sungura, kobayi. Bata hana bei ya ng'ombe, ni kweli. Lakini siku ya kukimbia, bata anaingia katika kitunga na kubebwa kichwani. Ng'ombe habebwi.

Bata wengi wa kwetu ni wale wenye nyama nyekundu usoni. Bata bukini, yule Wafaransa wanamwita oie, si wengi, lakini tunaona angefaa sana hapa, kwa sababu chakula chake kikubwa ni majani, na kama kuna kitu Masisi haikosi ni majani. Shida yake ni utoto wake. Ugonjwa wa miguu unaoshika bata wadogo, bukini mdogo unamshika vikali zaidi.

Jambo lenyewe linakuwa hivi. Mayai yanapasuka, vitoto vinatoka vizuri, vinakimbia, vinakunywa maji, kila mtu nyumbani anafurahi. Wiki moja inapita bila shida. Katika wiki ya pili au ya tatu unaona kimoja kinabaki nyuma. Wenzake wanaenda kwenye sahani, yeye anakaa. Ukimsimamisha anapiga hatua mbili tatu, anakaa tena. Kisha kifundo cha mguu kinavimba, na miguu inapinda kama upinde. Mwisho anatembea kwa kifundo na si kwa nyayo, au anajisukuma kwa mabawa. Wenzake wanamkanyaga. Hafiki kwenye chakula, hafiki kwenye maji, analala katika unyevu. Mara nyingi njaa na baridi ndivyo vinamaliza kazi ambayo miguu ilianza.

Ukiuliza nyumbani, utajibiwa: "Ni baridi imemushika." Mwingine atasema kwa sauti ndogo kwamba kuna jirani aliyeangalia tutoto tule kwa jicho mbaya. Hatukatai kwamba baridi inaua. Katika milima yetu, pale juu ya metre 2 000, usiku ni baridi kweli, na kitoto kisichokuwa na mama wala makaa kitakufa. Lakini tuulize kitu kimoja. Kwa nini vifaranga vya kuku vinavyolala katika jiko hilo hilo, vinavyokula unga ule ule, vinasimama wima? Je, baridi inachagua? Jicho mbaya linajua kutenganisha kuku na bata?

Jibu liko ndani ya sahani. Kuku mdogo na bata mdogo hawana mahitaji sawa. Kuna vitamini moja inayoitwa niasini; kwenye vikopo vya dawa wanaandika vitamine B3, au vitamine PP. Katika kila kilo ya chakula, kifaranga cha kuku kinahitaji niasini kama miligramu 27 mpaka 35. Bata mdogo anahitaji 55. Bukini mdogo, katika wiki nne za kwanza, anahitaji 65. Ni karibu mara mbili ya kuku. Basi mtu akiwapa wote chakula cha kuku, kuku anapona na bata anapinda miguu, na mwenye nyumba anashangaa.

Na sisi tunawapa nini? Unga wa mahindi, au mabaki ya bugali wa muhogo. Muhogo karibu hauna niasini. Mahindi yanayo kidogo, lakini hapa iko ujanja: niasini ya mahindi imefungwa ndani ya punje kama feza ndani ya sanduku ambalo funguo imepotea. Inaingia mdomoni, inatoka nyuma, mwili haukuigusa. Mwili una njia ya pili: unaweza kujitengenezea niasini kutoka kwa kipande kimoja cha protini kinachoitwa triptofani. Lakini mahindi ni maskini kwa triptofani pia, na bata ni fundi mbaya sana wa kazi hiyo ya kutengeneza, mbaya kuliko kuku. Ndiyo maana mahindi peke yake yanamwangusha upesi.

Labda msomaji atasema: maneno haya ya vitamini ni ya vitabu, mguu na chakula vinahusiana namna gani? Tunamjibu kwamba vitamini zenyewe zilijulikana kwa sababu ya ndege walioshindwa kusimama. Habari hii inatufurahisha, kwa hiyo tutaieleza kwa urefu kidogo.

Kiisha mwaka 1890 hivi, mganga mmoja Mholandi, Christiaan Eijkman, alikuwa anafanya kazi Batavia katika kisiwa cha Java, mji ambao leo unaitwa Jakarta. Alitumwa kutafuta sababu ya ugonjwa wa beriberi uliolegeza miguu ya askari na wafungwa na kuwaua. Yeye alifikiri ni mikrobi, maana wakati ule kila kitu kilikuwa mikrobi. Alifuga kuku kwa majaribio yake. Siku moja kuku wakaanza kuyumbayumba na kuanguka, wale aliowachoma sindano na wale ambao hakuwagusa, wote. Kisha, bila dawa yoyote, wakapona. Akachunguza, akakuta neno la jikoni tu. Kwa miezi kadhaa mfanyakazi wake alikuwa anawalisha wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, naye akakataa: wali wa askari hauwezi kulishwa kuku wa raia! Kuku wakarudishiwa mchele wao usiokobolewa vizuri, na miguu ikapata nguvu. Ile ngozi nyembamba ya punje, ambayo watu waliitupa ili wali uwe mweupe, ndiyo iliyokuwa na kitu cha kuponya.

Eijkman mwenyewe hakuelewa mara moja. Alifikiri ndani ya wali kuna sumu na kwamba ile ngozi inaizima. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema katika 1901 kwamba hakuna sumu, bali kuna kitu kinachokosekana. Mwaka 1912 Mpolandi Casimir Funk akakipa kitu hicho jina, nasi mpaka leo tunasema vitamini. Eijkman alipewa zawadi ya Nobel katika 1929. Yule mpishi hakupewa kitu.

Kitu kilichokosekana kwa kuku wale wa Java kilikuwa vitamini B1, si niasini. Niasini ilikuja nyuma kidogo, nayo ilijulikana kwa njia ya mateso ya watu. Katika kusini ya Marekani, watu maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipata pelagra: ngozi inaungua mahali jua linapiga, tumbo linaendesha, akili inachanganyikiwa, kisha kifo. Daktari Joseph Goldberger alianza kuichunguza katika 1914, akaonyesha kwamba si ugonjwa wa kuambukiza bali ni wa chakula. Alikufa mwaka 1929 bila kujua jina la kitu alichokitafuta. Conrad Elvehjem alikipata katika 1937, akiponya imbwa waliokuwa na ulimi mweusi. Zile herufi mbili PP kwenye kikopo maana yake ni kuzuia pelagra.

Na watu wasidhani ni habari ya zamani au ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Musumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, watu zaidi ya 18 000. Chakula chao cha msaada kilikuwa mahindi. Karanga ndizo zilizokuwa zinawapa niasini, na karanga zikaacha kufika. Basi, hayo tu. Sisi ambao tumeona watu wakipewa unga wa mahindi kambini mwezi baada ya mwezi, tunaweza kuelewa bila kuelezwa zaidi. (Pelagra si bwaki. Bwaki tunaijua sote, mtoto anavimba na nywele zinageuka rangi. Ile ni njaa ya protini zaidi. Lakini zote mbili zinapenda nyumba moja, nyumba ya bugali bila mboga ya maana.)

Sasa turudi kwa bata wetu, maana msomaji mwenye kitoto kilichoanguka hana siku nyingi za kungoja. Ugonjwa huu ukikamatwa siku zile za kwanza, wakati kitoto kinakaa-kaa tu na kifundo hakijapinda, mara nyingi kinasimama ndani ya siku chache. Ukingoja wiki mbili, mfupa umekwisha kukua vibaya, na hapo vitamini haiwezi kuunyoosha.

Dawa ya haraka ni vidonge vya B complexe, ambavyo vinapatikana katika farmasi nyingi na si bei kali. Soma kwanza kikopo, maana havifanani. Mara nyingi kidonge kimoja kina niasini (nicotinamide) miligramu 10 mpaka 20. Saga vidonge viwili au vitatu, changanya katika lita moja ya maji, na maji hayo yawe ndiyo ya kunywa pekee. Kila asubuhi mwaga yaliyobaki na kutengeneza mapya, na chombo kiwekwe kivulini, kwa kuwa mwanga unaharibu vitamini B2 iliyomo humo. Kitoto ambacho hakiwezi kufika kwenye maji kinyweshwe kwa mkono, tone kwa tone upande wa mdomo, na kitengwe na wenzake ili kisikanyagwe. Usiache baada ya siku mbili kwa sababu umeona kinatembea. Endelea mpaka chakula chenyewe kimebadilika.

Na chakula ndilo neno kubwa, kwa sababu vidonge vinakwisha. Tuanze na karanga, ambazo Walikale wanalima vizuri. Karanga zina niasini nyingi, tena ya wazi, isiyofungwa. Zikaange kidogo, zitwange. Lakini angalia sana: karanga zilizooza, zenye ukungu wa kijani au manjano, au zenye uchungu, zisiguswe. Ukungu ule una sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini, na bata mdogo ni kati ya wanyama wanaokufa nayo kwanza kabisa. Katika 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100 000 walikufa kwa kulishwa unga wa karanga wenye ukungu, na bata wadogo pia walikufa. Desturi yetu ya kuchagua karanga nzuri kwa watu na mbaya kwa kuku ni desturi ya kuacha. Karanga mbaya ni ya kutupa.

Kisha sambaza. Sambaza kavu kutoka ziwa Kivu, hata zile zilizovunjika-vunjika chini ya kiloba ambazo mama sokoni atakupa kwa bei ndogo, zina niasini, zina protini, na miiba yake inatoa chokaa ya mifupa. Ziwe kavu au zimepikwa. Kuna samaki wa maji baridi ambao wakiwa wabichi wanaharibu vitamini B1, na utakuwa umeponya ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine. Makayabu hapana kabisa. Chumvi yake inaua ndege wadogo.

Pumba za mchele, ile ya ndani inayobaki katika kinu wakati wa kutwanga, ni hazina ile ile ya Eijkman, na ina niasini nyingi pia. Usiichanganye na maganda makavu ya nje, hayo hayasaidii. Kwa mikono mitatu ya unga wa mahindi weka mkono mmoja wa pumba, mmoja wa karanga zilizotwangwa, mmoja wa sambaza zilizosagwa. Lowesha kidogo, na uweke maji karibu, maji ya kina cha kutosha bata azamishe pua, maana bata hajui kumeza chakula kikavu kama kuku. Anaenda na kurudi kati ya sahani na maji, na mama wa nyumba anasema bata ni mchafu. Ndivyo alivyoumbwa.

Kuna tena chachu. Masimbi ya kasiksi, ule uzito unaobaki chini pamoja na unga wa mtama, yana chachu nyingi, na chachu ina niasini kupita vyote tulivyotaja. Yakamuliwe, yachemshwe na kukaushwa kwenye jua, maana pombe iliyobaki ndani haifai kwa watoto, hata wa bata. Hatusemi kwamba wanafunzi wa shule yetu waanze kuzungukia nyumba za kasiksi kwa sababu ya elimu ya mifugo. Mtu anaweza kutuma mtu mkubwa. Au anunue levure ya mkate sokoni, aichemshe kwanza ili ife, kisha aichanganye na chakula.

Majani je? Bukini akipata majani mafupi na laini tangu siku za kwanza, tayari amejisaidia. Lengalenga, matembele, majani ya malisho, vyote ni vizuri. Sombe mbichi hapana, ina sumu, ipikwe kama ya watu. Mchwa na nyungunyungu ni nyama ya bure kwa bata, na mtoto mwenye jembe anaweza kukusanya mkebe mzima kabla ya kengele ya saa moja na nusu.

Si kila mguu dhaifu unatokana na niasini, na hapa inafaa kuangalia kwa macho mazuri. Kama vidole vimejikunja ndani kama ngumi, na kitoto kinatembea kwa vifundo bila miguu kupinda, fikiria vitamini B2. Kwa hiyo Masisi ina dawa inayomwagwa kila siku: maji ya fromage. Ile rangi yake ya manjano-kijani ni B2 yenyewe. Mahali wanapotengeneza fromage, omba chupa moja, uitie katika chakula ikiwa bado mpya. Kama mdomo wa kitoto ni laini kama mpira na mifupa inajikunja bila kuvunjika, hapo ni vitamini D na chokaa. Vitoto vinavyofungiwa wiki nzima katika kona ya jiko lenye giza na moshi, kwa sababu ya mvua na mwewe, vinapata hii. Vitolewe juani saa moja au mbili kila siku mawingu yanapofunguka, na maganda ya mayai yachomwe kidogo, yasagwe, yatiwe katika chakula kwa ncha ya kijiko.

Kuna vile vile kuteleza tu. Kitoto cha siku mbili kikiwekwa juu ya karatasi, juu ya ubao, au juu ya jani bichi la mgomba, miguu inaenda moja kulia na moja kushoto, nacho kinabaki kimelala tumbo kama chura. Hiyo haina vitamini ndani yake. Tandika majani makavu, funga miguu miwili pamoja kwa uzi laini wa kitambaa, ukiacha nafasi ya kusimama kwa kawaida, na ufungue baada ya siku tatu au nne. Lakini kama vitoto vingi vinakufa kwa siku moja, au shingo imelegea na kichwa kinaanguka chini, usipoteze wakati na B complexe. Huo ni ugonjwa wa namna nyingine, au sumu ya maji yaliyooza, na inafaa kumwita veterineri na kuhamisha walio wazima.

Mwisho ni neno juu ya wale waliochelewa. Kifundo kikishavimba sana na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu kuteleza pembeni, haurudi. Usimtese kwa vijiti na kamba. Mlishe kidogo, kisha mchinje. Nyama yake haina ubaya. Dume aliyepona lakini akabaki na miguu mibovu asiwekwe kwa mbegu, hataweza kumpanda jike. Jike anaweza kutaga, kwani kilema hiki hakiendi kwa watoto kwa njia ya damu. Kinaenda kwa njia ya yai: mama aliyekula muhogo tu anataga yai lisilo na akiba, na kitoto kinatoka kikiwa na deni tayari. Wiki tatu kabla ya kutaga, mpe yeye mwenyewe sambaza na karanga na majani, na uendelee kumpa wakati wote anapotaga.